Mwanafunzi alisema mumewe alikufa, mi nikamsahihisha ngeli. Darasa la kuongea mnaliendeshaje?

Ticha wa Jioni (Moshi)

Habari za usiku wadau, hasa walimu wa lugha mliomo humu. Naomba mnisaidie kufikiri maana tangu jumamosi sina amani.

Nafundisha Kiswahili kwa wageni hapa Moshi, darasa la jioni, huu mwaka wa tatu. Klasi ya sasa ina watu 6. Wapo madaktari wawili vijana wamekuja kujitolea, dada mmoja Mfaransa, kijana Mkorea anafundisha kompyuta, mzee Mkanada, na mama mmoja Mjerumani amestaafu unesi. Jumanne na alhamisi ni sarufi na kusoma, ijumaa ni kuongea tu, saa 11 mpaka saa 12 na nusu jioni.

Ijumaa iliyopita niliwaomba ruhusa nirekodi kwa simu, wakakubali, nikaiweka juu ya kabati. Lengo langu lilikuwa kusikiliza matamshi yao. Sasa jumamosi asubuhi nimekaa uani nachambua maharage huku nasikiliza, nikapata wazo, kila mwanafunzi akisema sentensi kamili naweka punje moja kwenye kisosi. Dakika 90, watu 6, mwisho wa rekodi kisosi kina punje 41. Karibu nusu ya hizo ni za yule dada Mfaransa, kijana Mkorea ana 2. Muda mwingine wote ni sauti yangu, naeleza, natoa mfano, naeleza ule mfano, nauliza swali afu kabla mtu hajafungua mdomo nalijibu mwenyewe. Na ijumaa hiyo nilitoka pale nimefurahi, nikijua klasi imechangamka.

Ila siyo hilo lililoninyima usingizi. Mada ilikuwa familia, kila mtu alikuja na picha. Zamu ya yule mama Mjerumani ikafika, akatoa picha kwenye mkoba, kwenye rekodi anasikika anavuta pumzi, akasema polepole "Huyu ni mume yangu. Alikufa. Mwaka jana." Na mimi najisikia, sauti ya furaha kabisa, "Wangu! Mume wangu. M-WA, tunasema wangu." Akasema "Wangu. Samahani." Baada ya hapo inasikika zipu ya mkoba. Afu mimi tena, "Haya, nani anafuata?"

Hakusema kitu tena mpaka saa 12 na nusu. Na siku ile sikuona chochote wadau, nimekuja kuona kwenye rekodi.

Sasa maswali yangu, kwanza klasi ya kuongea mnasahihisha lini na vipi, pili huyu kijana wa punje 2 nafanyaje naye, tatu kwa huyu mama naanzia wapi ijumaa ijayo. Naomba kuwasilisha.

Mwana Unguja

Mwalimu mwenzangu pole. Nami nimefundisha wageni Mji Mkongwe miaka zaidi ya ishirini na hilo lako limenigusa kwa sababu nalijua, limenitokea kwa namna nyengine.

Ntakwambia ninavyoona. Mtu akitaja kifo mbele yako, awe mgeni awe mwenyeji, awe kasema kwa ngeli sahihi au kavunjavunja, linalotangulia ni pole. Hiyo ni lugha pia. Huyo mama akikaa Moshi mwaka mmoja ataitwa misibani mara ngapi? Atasikia pole, atasikia "Mungu ailaze roho yake pahala pema", na hajui ajibu nini. Kwa hiyo siku ile somo lilikuwa limekuja lenyewe mezani wala hukulitafuta.

Na uzuri ni kwamba ungeweza kumpa pole na kumrekebisha kwa pamoja bila yeye kujihisi kakosea. Tazama: "Oh, pole sana mama. Mume wako alifariki lini? Mlikaa pamoja miaka mingapi?" Hapo umempa "mume wako" kwa hiyo ngeli kaisikia, umempa "alifariki" ambalo ni la heshima kuliko alikufa, na umempa swali ambalo lazima alijibu kwa sentensi nzima. Angekujibu miaka arubaini, angekwambia walivyokutana, pengine angeongea robo saa.

Jengine, huyo mama hakukosea kwa uzembe. Umemfundisha baba yangu, mama yangu, dada yangu, kaka yangu, rafiki yangu, shangazi yangu, bibi yangu, yote ni yangu yangu yangu. Afu anafika kwa mume, anafuata njia ileile uliyompitisha, unamwambia siyo. Sisi tumezaliwa nayo hatuoni, ila kwa mgeni hapo ni pagumu, kwamba mtoto, mume, mke, mzazi, mjukuu zinachukua wangu na hao wengine wanachukua yangu ingawa wote ni watu na wote "anakuja". Mimi siku hizi nalifundisha kabisa kabla ya somo la familia. Nawaambia neno la ukoo likianza na M ya M-WA linachukua wangu, mengine mengi ni yangu, na kwa wengi ni zangu, dada zangu, rafiki zangu. Na baadae nawapa mumeo, mkeo, mwanao, wanazipenda hizo.

Ticha Kasarani (Nairobi)

Mwalimu, kwanza heko kwa kujirekodi, wengi wetu hatuwezi. Mimi nilifanya mara moja nikazima baada ya dakika kumi.

Nilikuwa Marekani mwaka mmoja kupitia mpango wa Fulbright, wanatuchukua Wakenya na Watanzania tunaenda kusaidia kufundisha Kiswahili kwa vyuo vikuu vyao. Huko ndio nilisomeshwa hii mambo ya kusahihisha. Kuna utafiti wa Lyster na Ranta wa 1997, walikaa kwa madarasa ya watoto huko Montreal wanaofundishwa masomo kwa Kifaransa, wakahesabu kila kosa na vile mwalimu alijibu. Zaidi ya nusu ya masahihisho, asilimia 55, ilikuwa ile ya mwalimu kurudia sentensi vizuri, kama huo mfano mzuri wa Mwana Unguja hapo juu. Lakini watoto walionyesha wameshika kitu kwa asilimia 31 tu ya hizo, juu mtoto anadhani mwalimu anaendeleza tu story. Ile iliyofanya mtoto ajirekebishe mwenyewe ni mwalimu kumvuta, unasema "huyu ni mume..." unanyamaza, unamwachia amalizie.

Lakini sikiza, kwa huyu mama hapo singemvuta. Hapo ni pole tu kama vile Mwana Unguja amesema. Nasema juu ya makosa ya kawaida, mtu akikuambia kitabu yangu imepotea, mvute. Ni mwalimu kujua wakati gani ni wa nini.

Kuhusu kunyamaza. Mary Budd Rowe alirekodi walimu wa sayansi Marekani miaka ya 70, akapata mwalimu wa kawaida akiuliza swali anangoja kama sekunde moja tu. Wakifika sekunde tatu majibu yanakuwa marefu na wale kimya wanaanza kuongea. Na hao ni watoto wanajibu kwa lugha yao! Sasa Mkorea wako lazima asikie swali, alitafsiri, atafute kitenzi, aweke ni- na -li-, aangalie ngeli. Mimi huhesabu moja mpaka saba kwa vidole nyuma ya mgongo. Saba ni ndefu sana mwalimu, darasa linakuwa zito, unasikia hata matatu barabarani. Vumilia.

Na kitu ya tatu, wacha kuongea na mmoja huku watano wanasikiza. Wagawe wawili wawili. Kuna ile ya 4, 3, 2, Paul Nation, mtaalamu wa kufundisha lugha wa New Zealand, ni mmoja wa walioieneza. Mtu anasimulia kitu kwa mwenzake dakika 4, wanabadilisha wenzao, anasimulia kitu kile kile dakika 3, tena dakika 2. Hakuna kusahihisha. Kwa ile ya tatu anakuwa anateleza kabisa juu maneno ameshayapata. Kwa watu 6 iko sawa sana.

Mwisho nikuambie kitu ya kibinafsi. Nikiwa darasa la tatu nilivalishwa disk shingoni kwa kuongea Kikamba, kale kakipande ka mbao kenye kamba, unakaa nako mpaka umshike mwenzako amekosa ndio umpe. Ile term yote nilikuwa mtoto kimya zaidi shuleni. Walimu walifikiri nimekuwa na adabu.

Mzee wa Ngeli (Dar)

Nawasoma wote, na huyo mama apewe pole, hapo sina ubishi.

Lakini tusije tukavuka tukasema makosa yaachwe. Nina rafiki Mholanzi yupo Dar mwaka wa kumi na nne, anaongea haraka, watu wanamwelewa, na mpaka leo anasema "watoto yangu" na "gari wangu". Mwanzoni watu waliona vizuri tu, mgeni anajitahidi, mpe moyo. Sasa hivi ukimrekebisha anacheka, anarudia vizuri, dakika mbili baadaye yaleyale. Lilishaganda. Aliniambia mwenyewe kwa uchungu kabisa kwamba walimu wake wa kwanza walimwonea huruma mno, na kwenye mikutano watu wakimsikia wanahamia Kingereza, wakati Kiswahili ndo alichokitolea jasho.

Ninavyofanya mimi, nakaa na daftari. Wanaongea, mimi naandika sentensi kama ilivyotoka, siandiki jina. Dakika 15 za mwisho naandika sentensi saba nane ubaoni, mbili kati ya hizo ni sahihi kabisa, nawaambia tafuteni zipi mbovu, tengenezeni. Hakuna anayeaibika na hakuna kosa linalopita. Za msiba siandiki.

Ticha wa Jioni (Moshi)

Asanteni sana jamani, nimesoma mara mbili. Mwana Unguja hiyo ya yangu na wangu imenikaa, nimerudi kwenye notsi zangu nikakuta somo la familia nimeorodhesha mifano kumi ya yangu na mume sikumweka kabisa, yani kosa nimelipanda mwenyewe. Ticha Kasarani ntajaribu hiyo ya 4, 3, 2 ila naogopa kelele, chumba chenyewe ni kidogo. Mzee wa Ngeli naichukua ya daftari.

Binti Kibosho

Shoga angu, mi siyo mwalimu ila mama yangu ana meza ya ndizi Mbuyuni, nimeona wageni wengi wanapitishwa pale. Waliojua salamu zote na shikamoo safi kabisa, ukimuuliza unataka kichane au mkungu mzima anabaki kukutazama. Wapelekeni sokoni. Mpe mtu elfu tano, mwambie arudi na ndizi mshare za kutosha mtori wa watu wanne na ajue bei ya meza tatu tofauti. Mama yangu hajui ngeli ni nini lakini mtu asipoeleweka hauziwi, na huyo mgeni kesho anarudi amejifunza. Na huyo Mkorea mpelekeni peke yake bila yule Mfaransa, akiwa naye atamwachia aongee.

Mpare wa Dortmund

Dada, mi nakuandikia kama mwanafunzi, nimekaa upande huo wa dawati. Nilikuja Ujerumani nikiwa na miaka 34, nikapelekwa kozi ya serikali ya wageni, somo la lugha ni vipindi 600, kila kimoja dakika 45, mwisho wake unafanya mtihani wa B1, yani ngazi ya kati ya lugha. Vipindi 600, na nadhani mia mbili za kwanza nilisema maneno ya kuhesabika.

Naomba walimu mjue kinachoendelea kichwani mwa mtu aliyenyamaza. Mwalimu anauliza wikiendi ulifanya nini. Mi nakusanya. Nilienda sokoni. Soko kwa Kijerumani ni la kiume, sawa, ila naenda "kwenye" kwa hiyo neno la mbele linabadilika, kitenzi cha kwenda kinatumia ile saidizi nyingine, kiende mwisho wa sentensi. Nimeshapata! Nainua macho, mwalimu yuko kwa mtu wa tatu na mada imehamia hali ya hewa. Siku nzima hivo. Jioni nachoka kama niliyelima, na kwenye karatasi yangu mwalimu ameandika nishiriki zaidi darasani.

Aliyenifungua ni mwalimu wa pili, mama mmoja mfupi anavaa miwani ya kamba. Alikuwa akikuuliza swali anakaa. Anavuta kiti anakaa kabisa, anakuangalia usoni kama mtu aliyekuja kukutembelea kwako na hana haraka. Na makosa aliyaandika kwenye kikaratasi kidogo anakupa ukiwa unatoka mlangoni, matatu tu, hata kama ulifanya thelathini. Vile vikaratasi ninavyo mpaka leo kwenye boksi. Kwa hiyo Mzee wa Ngeli nakubaliana nawe kwamba tunataka kusahihishwa, hakuna mwanafunzi anayetaka kuachwa na kosa, ila baada ya kusikilizwa.

Kuhusu huyo mama, usimuombe msamaha mbele ya klasi dada, utamfanya aone haya mara ya pili. Wahi kabla wenzake hawajafika. Na mwambie kwa Kiswahili, usihamie Kingereza, maana ukihamia atajua unamuonea huruma. Sema maneno machache.

Ticha wa Jioni (Moshi)

Wadau nimerudi, leo ijumaa, ndo nimetoka darasani sasa hivi.

Nilifanya alivyosema dada wa Dortmund. Yule mama huwa anafika mapema anapenda kukaa dirishani, nikaja na chupa ya chai ya tangawizi nikammiminia, nikamwambia "Mama, wiki iliyopita ulituambia habari za mume wako, mimi sikukupa pole. Pole sana." Akaniangalia. Nikahesabu kimoyomoyo, nikafika saba, nikapita saba, nilitamani sana kuongeza neno nikajizuia. Akasema "Asante. Nimeshapoa."

Mimi sijawahi kumfundisha nimeshapoa. Nikamuuliza nani alikufundisha, akasema "Jirani yangu. Yeye pia, mume alifariki." Afu akaniambia huwa wanakaa wote jioni kibarazani kwa huyo jirani wanamenya ndizi, na kwamba huyo jirani haongei Kingereza hata kidogo. Kumbe mama anaongea Kiswahili kila siku, darasani kwangu ndo hakuwa anaongea. Hilo nimekwenda nalo njia nzima nalifikiria.

Wenzake walipofika nikawagawa wawili wawili, nikawapa ile ya 4, 3, 2, mada nikasema mtu mmoja ambaye unamkumbuka, yeyote, aliye hai au asiye hai, na anayetaka picha atoe. Mama akatoa ileile. Nilikuwa nazunguka na daftari bila kusema neno, nilivyopita kwao mara ya kwanza alisema mume yangu, mara ya pili na yule daktari akasema mume wangu, mara ya tatu na Mkanada akarudi mume yangu. Sikugusa. Aliwaeleza kwamba mumewe alikuwa fundi wa piano, na kwa kuwa hakujua neno la kukaza nyuzi alikuwa anafanya kwa mkono hewani, mzee Mkanada akamwambia "alikuwa anakaza", akalichukua palepale, "ndiyo, alikuwa anakaza, anasikiliza, anakaza".

Mwisho tukafanya ubao wa Mzee wa Ngeli, sentensi nane. Nikaweka "kaka wangu anaishi Lyon" ya yule Mfaransa, bila jina, wakaitengeneza wenyewe, na palepale nikawapa orodha ya wangu na yangu barabara, mume, mke na mtoto wakiwemo. Mama aliandika akapiga mstari.

Nilirekodi tena. Kufika nyumbani nimewasha nianze kuhesabu punje, haihesabiki, watu watatu wanaongea kwa mpigo dakika nzima, husikii ya nani ni ipi. Yangu nimezisikia chache.

Kijana Mkorea bado. Kwenye dakika 4 alimaliza ndani ya dakika moja akabaki anatazama saa. Ijumaa ijayo nawapeleka Mbuyuni kama alivyosema Binti Kibosho, kila mtu na elfu tano yake, yeye nampanga meza ya mbali na Mfaransa. Binti Kibosho, naomba unielekeze meza ya mama iko upande gani.